Jacques Monod: Jamaa aliyeficha siri za vita kwenye mguu wa twiga, akafichua swichi ya bakteria

Nenda Bangale siku ambayo mbuzi anachinjwa, na usimtazame mchinjaji anapopitisha kisu shingoni. Hiyo ni kazi ya sekunde chache. Subiri afike kwenye ini. Hapo mkono unapunguza mwendo, maongezi yanakatika kidogo, na ncha ya kisu inapita polepole kando ya kifuko kidogo cha kijani kilichoshikamana na ini. Ndiyo nyongo hiyo. Ikipasuka, ini lote linakuwa chungu, na mchinjaji atataniwa mpaka harusi nyingine.

Niliona haya nilipokwenda harusini huko, kaunti ya Tana River, kwenye ile barabara ndefu ya kwenda Garissa. Mzee aliyeshika kisu alikitoa kifuko kizima, akakitupa mbali bila kukiangalia mara ya pili. Baadaye kidogo mama mmoja akatupitishia maziwa ya ngamia yenye ile harufu ya moshi wa kibuyu. Nyongo tukaitupa, maziwa tukayanywa.

Sikujua wakati huo kwamba vitu hivyo viwili hukutana kwenye kisahani kimoja katika maabara za hospitali. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza Alfred MacConkey alitengeneza chakula cha kukuzia bakteria wa tumboni, akatia ndani yake chumvi za nyongo na sukari ya maziwa. Nyongo inawazuia vijidudu wasiozoea maisha ya utumboni. Sukari inawaumbua wale wanaoila, maana vidoa vyao hugeuka rangi ya waridi. Chakula hicho kinatumika hadi leo.

Lakini hebu tuulize jambo ambalo MacConkey hakulijibu. Nyongo hutengenezwa na ini kutokana na kolesteroli, na asidi zake hufanya kazi kama sabuni: zinavunjavunja mafuta uliyokula. Sabuni haina urafiki na vijidudu, inaweza kupasua ganda la bakteria akafa hapo hapo. Hata hivyo kuna bakteria utumboni mwetu ambao wakiguswa na asidi za nyongo hawafi. Wanaanza kutengeneza vimeng'enya vya kuzigeuza. Vimeng'enya, kama umesahau darasa la bayolojia, ni zile protini zinazokata, kuunganisha na kubadilisha kemikali ndani ya kiumbe. Mwalimu aliziita enzaimu. Kabla nyongo haijafika, bakteria hao huwa na vimeng'enya hivyo vichache mno. Ikifika, kiwanda kinawaka. Ikiisha, kiwanda kinapoa.

Nani anawasha? Bakteria hana ubongo, hana jicho, hana wa kumpigia simu. Anajuaje kwamba nyongo imefika?

Mtu aliyetuwezesha kujibu swali hilo hakuishughulikia nyongo. Alishika sukari ya maziwa, na haikumwachia kwa zaidi ya miaka ishirini. Jina lake ni Jacques Monod, na maisha yake yana vituko ambavyo ukiviona kwenye filamu utasema mwandishi ametia chumvi.

Alizaliwa Paris tarehe 9 Februari 1910. Baba yake, Lucien, alikuwa mchoraji. Mama yake alikuwa Mmarekani kutoka Milwaukee. Familia ilihamia kusini mwa Ufaransa, mjini Cannes kando ya bahari, na huko ndiko kijana alikokulia. Utotoni alipata polio, na mguu mmoja ukabaki dhaifu maisha yake yote. Ungemwona baadaye akiparamia majabali kwa kamba au akiendesha mashua ya tanga, usingedhani.

Mwaka 1928 alirudi Paris kusoma sayansi ya viumbe. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Shida yake ilikuwa kwamba alipenda mambo mawili kwa uzito uleule: sayansi na muziki. Alipiga selo, aliongoza kwaya, na kwa miaka mingi hakujua achague lipi. Vijana wa leo mnaosoma uhasibu mchana na kutengeneza biti usiku mnamwelewa vizuri kuliko walimu wake walivyomwelewa.

Mwaka 1934 alisafiri hadi Greenland kwa meli ya utafiti iliyoitwa Pourquoi-Pas?, yaani Kwa Nini Isiwe? Mwaka 1936 alikuwa arudi tena na meli hiyo. Lakini mwanasayansi mwenzake, Boris Ephrussi, akamshawishi waende Marekani badala yake, wakajifunze sayansi ya jeni katika maabara ya Thomas Hunt Morgan huko California. Monod akakubali. Septemba mwaka huo Pourquoi-Pas? ilipigwa na dhoruba karibu na Iceland, ikavunjika. Waliokuwemo wote walikufa isipokuwa mtu mmoja.

Na huko California alikoponea alifanya nini? Muziki zaidi ya jeni! Alikusanya watu, akaongoza kwaya na okestra, na karibu abaki huko kama mwanamuziki. Hatimaye alirudi Ufaransa bila matokeo makubwa ya utafiti. Mwaka 1938 akamwoa Odette Bruhl, mtaalamu wa mambo ya kale, wakapata watoto pacha mwaka uliofuata. Umri ulikuwa unakaribia thelathini, shahada ya udaktari bado, na vita vinapiga hodi.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Monod alikuwa anakuza bakteria kwenye chupa na kupima wanavyoongezeka. Kazi ya kuchosha. Unaweka sukari, unasubiri, unapima maji yamekuwa mazito kiasi gani, unachora mstari, unarudia. Siku moja akaamua kuwapa sukari za aina mbili kwa pamoja. Kwa michanganyiko fulani alipata alichotarajia, mstari mmoja unaopanda. Kwa mingine, kwa mfano glukosi na laktosi, ambayo ndiyo sukari ya maziwa, mstari ulipanda, ukasimama kabisa, kisha ukapanda tena. Nundu mbili kama za wale ngamia wa Asia, si wa kwetu.

Fikiria kijana aliyewekewa pilau na ugali kwenye meza moja. Anamaliza pilau yote. Halafu anakaa tu, mikono mapajani, kama dakika ishirini hivi. Ndipo anaugeukia ugali. Kwamba alianza na pilau hakuna wa kushangaa. Cha ajabu ni zile dakika za kukaa tu, ilhali chakula kipo mezani na njaa ipo. Anasubiri nini?

Monod alimwendea André Lwoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur aliyekuwa kama kaka mkubwa kwake, akamwonyesha ule mchoro. Ilikuwa mwishoni mwa 1940, Paris tayari iko chini ya majeshi ya Hitler. Lwoff akamwambia kwamba huenda bakteria walikuwa wanatumia muda huo kutengeneza kimeng'enya kipya cha kula sukari ya pili. Monod hakuwa amewahi hata kusikia habari za kimeng'enya kinachotokea chakula kinapofika. Kumbe jambo lilijulikana tangu zamani, ila hakuna aliyejua linavyofanyika. Tangu siku hiyo, tunaweza kusema, hakuwahi kufanya utafiti wa kitu kingine.

Shahada akaipata 1941. Tasnifu ilikuwa juu ya ukuaji wa bakteria, na wakubwa wa chuo, yaani Sorbonne, hawakuona cha maana sana ndani yake.

Mchana alikuwa mtafiti, usiku kitu kingine. Mke wake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na Paris ya wakati ule hilo pekee lilitosha kumpeleka mtu kwenye kambi za kifo. Monod akaingia katika harakati za siri za kuwapinga Wanazi. Alianza na kusambaza magazeti yaliyopigwa marufuku, akaishia miongoni mwa viongozi wa wapiganaji wa chini kwa chini, akitumia jina la bandia Malivert. Karatasi ambazo zingemfanya apigwe risasi alizificha mahali ambapo hakuna askari angefikiria kuchungulia. Nje ya maabara yake chuoni palikuwa na mifupa ya twiga iliyosimamishwa kwa maonyesho. Mifupa ya miguu ina uwazi ndani. Siri za vita zikaingia humo.

Sisi tuliozoea kumwona twiga hai akikatiza barabara upande wa Garissa, ni vigumu kutocheka. Lakini wenzake walikuwa wanakamatwa mmoja baada ya mwingine. Wengine waliuawa. Chuo kilipokuwa hatari kupita kiasi, alihamisha bakteria wake kwenye maabara ya Lwoff, kule Pasteur, na akaendelea na majaribio huku akitafutwa. Aina moja ya bakteria aliyoitumia kwa miaka mingi, kwa taarifa yako, ilitolewa tumboni mwa Lwoff mwenyewe. Udugu wa aina gani huo.

Katika maabara hiyo, yeye na mwenzake Alice Audureau walitenganisha mambo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. Walikuwa na bakteria wasioweza kabisa kula laktosi. Mara chache sana, kwa bahati tu, alizaliwa mmoja anayeweza, na uzao wake wote ukarithi uwezo huo. Hayo ni mabadiliko ya jeni. Lakini hata huyo mwenye uwezo hakutengeneza kimeng'enya mpaka laktosi ilipofika. Hiyo ni swichi. Jeni ni kitu kimoja, swichi ni kitu kingine.

Unaweza kusema, sawa, ni mambo ya maabara hayo. Kumbe yalikuwa mambo ya kufa na kupona. Wakati wa vita Monod alijiunga na chama cha Kikomunisti, kwa sababu bila kuwa mwanachama hangekuwa na sauti katika uongozi wa wapiganaji. Vita vilipoisha alijitoa. Halafu mwaka 1948 serikali ya Stalin ikatangaza kwamba sayansi ya jeni ni uongo. Mtaalamu wao wa kilimo, Trofim Lysenko, alidai mazingira yanaweza kuufundisha mmea tabia mpya na mmea ukairithisha. Waliompinga walifukuzwa kazi au kufungwa. Nikolai Vavilov, yule aliyefika hadi Ethiopia mwaka 1927 kukusanya mbegu za ngano, alikuwa tayari amefia gerezani mwaka 1943.

Na hapo ndipo Monod alipobanwa. Mtu akitazama juu juu, bakteria wake walikuwa ushahidi mtamu kwa Lysenko. Si unawapa laktosi na wanajifunza kuila? Si mazingira yamewafundisha? Wanasayansi kadhaa wa Ufaransa waliokuwa chamani waliamua kunyamaza au kutetea. Monod aliandika makala kali katika gazeti la Combat, Septemba 1948, akimshambulia Lysenko waziwazi. Marafiki wa wakati wa vita, watu waliohatarisha maisha pamoja naye, wakageuka maadui. Urafiki ukatumbukia nyongo. Alipata rafiki mpya, mwandishi Albert Camus, lakini deni lilibaki: ilibidi athibitishe kwamba bakteria hafundishwi na chakula. Kelele za magazeti zisingetosha.

Wengi wakati huo waliamini kwamba sukari inakifinyanga kimeng'enya, kama kibao kinavyolipa tofali umbo lake. Protini ipo tayari, laini, haina sura. Sukari inafika, protini inajibonyeza kuizunguka, kimeng'enya kimepatikana. Ni wazo zuri. Tatizo ni kwamba si kweli. Kwanza, mwaka 1955, Monod na wenzake Melvin Cohn na David Hogness walitumia chembe zenye mnururisho kuonyesha kwamba kimeng'enya cha laktosi hujengwa upya kabisa tangu tofali la kwanza, hakitokani na protini ya zamani iliyobadilishwa sura.

Pili, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, waligundua kwamba kuna kemikali zinazofanana na laktosi ambazo bakteria hawezi kuzila hata kidogo, lakini zikiingia tu, kiwanda cha kimeng'enya kinawaka kwa nguvu zote. Na kulikuwa na nyingine ambazo kimeng'enya kinazikata vizuri sana, lakini haziwashi chochote. Kwa hiyo kinachowasha na kinacholiwa si lazima kiwe kimoja. Ni kama mlinzi wa geti anayefungua akisikia hodi ya namna fulani, bila kujali kama mgeni amebeba nyama au amebeba mawe.

Basi mlinzi huyo ni nani? Hapa anaingia François Jacob. Yeye alitaka kuwa daktari wa upasuaji, akaacha masomo, akajiunga na jeshi la Ufaransa Huru, akapigana Chad, Libya na Tunisia, kisha akajeruhiwa vibaya Normandy mwaka 1944. Majeraha yakamfungia mlango wa upasuaji. Akaomba kazi kwa Lwoff mara kadhaa mpaka akakubaliwa. Monod alipenda hesabu na hoja zilizonyooka. Jacob alikuwa mtu wa picha na ndoto. Maabara zao zilikuwa kwenye jengo moja, pande mbili za ujia mrefu.

Mwaka 1957 Arthur Pardee, Mmarekani, alikuja kutembelea, na watatu hao wakafanya jaribio ambalo hadi leo wanafunzi wa vyuo hulisoma. Bakteria fulani wana dume na jike, na dume humpitishia jike jeni zake kupitia kijia chembamba. Waliandaa jike aliyekuwa na jeni mbili mbovu: ile ya kutengeneza kimeng'enya, na nyingine iliyoshukiwa kuwa ya swichi. Dume alikuwa na zote mbili nzima. Hakuna laktosi kwenye chupa. Jeni zilipoingia kwa jike, kimeng'enya kilianza kutengenezwa karibu mara moja, bila sukari yoyote. Halafu, baada ya saa moja hadi mbili hivi, uzalishaji ukasimama. Kuanzia hapo kiwanda kikawa hakiwaki tena ila kwa kupewa laktosi au kifanani chake.

Tulia hapo kidogo. Monod alikuwa ametarajia kwamba jeni ya swichi inatengeneza kitu cha kuwasha. Jaribio lilisema kinyume. Jeni hiyo inatengeneza kitu cha kuzima, kizuizi kinachohitaji muda kujaa ndani ya seli. Ndiyo maana mwanzoni kiwanda kilikimbia bila breki. Laktosi haifundishi chochote wala haileti amri yoyote. Amri ya kutengeneza kimeng'enya imeandikwa kwenye jeni tangu zamani, na kizuizi kimeikalia. Laktosi inapoingia, inageuzwa kidogo, inamshika kizuizi, inambadilisha umbo, naye anabanduka kwenye DNA. Njia inabaki wazi. Vimeng'enya vinaongezeka mara elfu hivi.

Mimi nililisoma jambo hili nikiwa kwenye matatu, nikapitiliza kituo. Miaka yote nilidhani mwili unaambiwa cha kufanya. Kumbe mara nyingi unaambiwa acha kuzuia.

Jacob, kwa upande wake, alipata wazo la mwisho akiwa sinema na mkewe jioni moja ya kiangazi cha 1958. Filamu haikumshika. Akiwa kwenye kiti aliona ghafla kwamba virusi alivyokuwa akivichunguza yeye na sukari ya Monod vilikuwa hadithi ileile: jeni zimezimwa kwa kizuizi kinachokaa moja kwa moja kwenye DNA. Monod hakukubali mara moja. Alibisha kwanza, ndivyo alivyokuwa, alipenda kushinda mabishano, na wapo waliomwona mtu wa majivuno. Lakini hoja ikiwa na nguvu alikuwa anakunja mkia. Mwaka 1961 wakachapisha makala ndefu iliyoeleza mfumo mzima, yale mafungu ya jeni yanayowashwa pamoja waliyoyaita operoni, na ule mjumbe anayebeba nakala ya amri kutoka kwenye DNA hadi kwenye kiwanda cha protini. Mjumbe huyo ndiye RNA tuliyemsikia sana enzi za chanjo za korona.

Nobel ikaja 1965, kwa Monod, Jacob na Lwoff kwa pamoja. Ufaransa haikuwa imepata Nobel ya sayansi tangu 1935. Kizuizi chenyewe kilikuwa bado hakijashikwa na mtu; Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walikikamata mwaka uliofuata huko Harvard, nacho kilikuwa protini.

Kisa kimoja cha miaka hiyo kinasimuliwa kidogo mno. Mwanasayansi kijana wa Hungaria, Agnes Ullmann, alitaka kutoroka nchi yake baada ya mapinduzi ya 1956 kuzimwa na vifaru vya Kisovieti. Monod alishughulikia mpango huo kwa barua za mafumbo na safari za siri, kama aliyerudi kwenye siku za twiga. Mwaka 1960 Ullmann na mumewe walivuka mpaka hadi Austria wamelala kwenye kificho chini ya bafu la karavani. Alifika Paris, akaingia maabara ya Monod, na mwaka 1968 wawili hao wakaonyesha jinsi kemikali moja ndogo ya ndani ya seli inavyoweza kuondoa breki ambayo glukosi huiwekea laktosi. Yaani aliyetolewa chini ya bafu ndiye aliyesaidia kueleza kwa nini pilau huliwa kwanza.

Miaka ya mwisho naipita haraka. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu bahati na ulazima katika uhai, kikauzwa sana na kuwaudhi Wakristo na Wakomunisti kwa pamoja. Mwaka 1971 akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Pasteur, iliyokuwa na madeni makubwa, akaacha utafiti ili ahangaike na bajeti na vyama vya wafanyakazi. Odette akafariki 1972. Yeye mwenyewe akapata ugonjwa wa damu, akarudi Cannes, na kufariki huko tarehe 31 Mei 1976, akiwa na miaka 66.

Sasa turudi kwenye nyongo. Monod alishikilia kwamba kinachofanyika kwa bakteria mdogo kitafanyika pia kwa tembo. Hapo alizidisha, seli za tembo zina mambo mengi zaidi. Lakini kuhusu bakteria wengine alikuwa anaelekea kwenye ukweli. Sehemu kubwa ya asidi za nyongo, karibu asilimia 95, hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Kiasi kidogo hupenya hadi utumbo mpana. Huko kuna bakteria wachache, mmoja wao anaitwa Clostridium scindens, wenye fungu la jeni lililolala. Asidi ya nyongo iitwayo koliki inapowafikia, fungu hilo linaamka, vimeng'enya vinatengenezwa, na koliki inageuzwa kuwa asidi nyingine, deoksikoliki, ambayo ini la binadamu haliwezi kuitengeneza lenyewe.

Phillip Hylemon na wenzake huko Virginia, Marekani, walizichunguza jeni hizo kwa miaka mingi, hasa katika miaka ya 1980 na 1990. Zilipewa jina bai, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kuchochewa na asidi ya nyongo. Operoni, kuchochewa: ni lugha ya Monod moja kwa moja.

Kama unadhani hili halikuhusu, kumbuka mara ya mwisho uliponunua dawa za antibayotiki dukani bila kumwona daktari, ukameza kwa sababu tumbo lilikuvuruga. Antibayotiki hazichagui. Zinaweza kuwafagia hao wachache wenye jeni za bai. Wakiondoka, koliki haigeuzwi tena. Na yupo kijidudu hatari, Clostridioides difficile, ambaye mbegu zake huamshwa na asidi za nyongo ambazo hazijageuzwa, na ukuaji wake huzuiwa na deoksikoliki. Umemwondolea askari na umempa saa ya kumwamsha. Kuhara kunakofuata kunaweza kuua, na mara nyingi huwapata watu walio hospitalini, wazee hasa, waliomezeshwa antibayotiki kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Asidi zilizogeuzwa na bakteria hazipotei zote chooni. Nyingine hufyonzwa, zinarudi kwenye ini, na kutoka hapo zinaingia tena kwenye kifuko cha nyongo. Ndivyo ilivyo kwetu na kwa wanyama wengi. Kile kifuko cha kijani ambacho mzee wa Bangale alikitupa mchangani huenda kilikuwa na kazi ya mikono ya bakteria ndani yake.